Nanasi la Kwenye Ndoo ya Rangi

Kwa mama yangu mpenzi,
Nyumbani Kiwangwa.

Assalaam alaykum, mama. Shikamoo.

Ni mimi mwanao Shabani, nakuamkia kutoka huku machimboni upande wa Kahama, ninakowanolea wachimbaji vyuma vyao. Mimi ni mzima, alhamdulillah, isipokuwa mgongo ambao kila nikiinuka unataka kwanza tushauriane. Sijui wewe, goti linasemaje siku hizi? Yale mafuta ya mwarobaini unayapaka, au umeyaweka dirishani yakuangalie? Na yule mbuzi mweupe ameshazaa? Nataka kujua yote, usiniambie tu kwamba hamjambo.

Kabla sijaenda mbali: boksi lililokuja na barua hii lisifunguliwe. Zuhura mpwa wangu, wewe unayemsomea bibi, liweke juu ya kabati asipofikia, maana namjua. Soma mpaka nitakaposema mimi. Na ukae upande wake wa kulia, ndilo sikio linalosikia.

Nimeandika kwa sababu simu yetu haitufikishi popote, mama. Mimi naongea, wewe unaitikia "eeh, eeh", halafu unamrudishia Zuhura simu na kumwambia, "Anasema hajambo." Haya ya leo ni zaidi ya hajambo.

Unakumbuka siku niliyoondoka baada ya arobaini ya marehemu baba, Mungu amrehemu. Ulikuwa upenuni unamenya mihogo. Ukaniuliza ni nani sasa atakayelishika shamba la mananasi. Nikaendelea kukaza kamba za begi langu. Ukasema kuna watu wa matofali wanautaka ule udongo, wachimbe wafyatue. Ndipo ukaweka kisu chini. "Shabani, wewe tangu mdogo huwezi kungoja. Wali haujakauka, wewe umeshafunua sufuria. Nanasi ni la mtu wa kungoja." Ukaingia ndani, ukatoka na nanasi moja la ile mbegu ya baba, yenye majani ya miba, ukanipa mkononi. "Kale njiani. Kichwa chake kapande huko huko kwenye dhahabu yako. Kikizaa, shamba litakungoja. Kisipozaa, nawapa wa matofali, na usije ukaninunia."

Ramadhani mbili zimepita tangu siku ile, na ya tatu inakaribia. Kila uliponiuliza kwenye simu nilikujibu, "Lipo." Sikusema uongo, lilikuwepo. Ila sikukwambia limepitia nini.

Nilipofika nilifanya kama nilivyomwona baba akifanya. Nilipurura yale majani ya chini, nikakianika kichwa siku kadhaa mpaka kidonda chake kikakauka. Nikatafuta ndoo ya rangi, ile kubwa, nikaitoboa matundu chini. Tatizo likawa udongo. Hapa tunapokaa ni mawe na changarawe. Nikaenda pale kwenye mwalo wa zamani, ndipo wachimbaji walipokuwa wakioshea mawe yaliyosagwa ili watoe dhahabu. Pana mchanga laini kama unga. Nikajaza ndoo yangu, nikapanda, nikasema bismillahi.

Jirani yangu ni mchimbaji, anaitwa Masanja, Msukuma wa huku huku. Alipoiona ile ndoo mlangoni pangu alisimama, akashika kiuno.

"Fundi, umetoka kwenu mpaka hapa kuja kupanda mkonge?"

"Hili ni nanasi."

"Nanasi naliona Nyasubi sokoni, lina tumbo. Huu ni mkonge. Ukikomaa nitakuja kusokota kamba ya ng'ombe."

Tangu siku hiyo kila asubuhi akipita kwenda kwenye duara lake, huko shimoni wanakochimba, anasema, "Mwangaluka, mkonge!" Ndiyo salamu yao ya asubuhi. Mimi nimesimama pale, mtu mzima, nasalimiwa baada ya ndoo.

Mama mwenye nyumba wetu, Mama Kulwa, naye alikuwa na yake. Mimi kwa woga nilikuwa naumwagilia ule mche asubuhi na jioni, maana jua la huku halina mchezo. Majani yakaanza kuwa ya njano. Akaniambia, "Baba, wewe mwenyewe unaoga mara moja kwa siku, huo mti unaoga mara mbili. Umeuoa?" Nikapunguza maji, majani yakarudi rangi. Nikaanza kuuchungulia. Mama, kumbe lile nanasi linaweka maji kwenye makwapa ya majani yake, kama mtu aliyekinga viganja! Umande unateremka mpaka pale katikati, unakaa. Nimezaliwa kwenye mananasi na sikuwahi kuinama kuangalia. Siku moja nikakuta chura mdogo kama ukucha amekaa humo. Nikamwacha, ni mpangaji mwenzangu.

Sasa sikia kilichonipata. Ijumaa moja nimetoka msikitini, nafika nyumbani, naikuta ndoo imelala kifudifudi. Mche uko juani, mizizi nje. Masanja amechuchumaa mbele ya karai la maji, anautikisa udongo wangu kwa mikono miwili kama mtu anayepepeta mchele.

"Masanja! Unafanya nini?"

Hakuinua hata kichwa. "Ngoja kwanza, Fundi. Nimeona unang'aa."

"Nini kinang'aa?"

"Udongo wako. Nimepita hapa jua limepiga, nikaona umemetameta. Mtu anaacha dhahabu kwenye ndoo halafu anaenda kuswali!"

Alitikisa mpaka mwisho. Haikuwa dhahabu, ni zile chenga za mawe zinazong'aa bure. Mama, nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, na wudhu wangu wa Ijumaa ukiwa bado kichwani. Nilimwambia amelifukia shamba la baba yangu. Yeye hakujua habari ya shamba, akabaki ameduwaa na karai lake. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikalia. Sioni haya kukwambia.

Siku tatu hatukusalimiana, na mche nimeuegemeza tu ukutani kivulini. Ya nne nikamsikia nje anabwaga kitu. Natoka, namwona na baiskeli, na viroba viwili. Kimoja udongo mweusi kutoka mbugani, kingine samadi ya zamani ya zizi la kwao. Mama Kulwa, aliyenisikia nikilia akaniuliza, ndiye aliyemweleza habari za shamba. Akasema akiwa anaangalia gurudumu la baiskeli:

"Fundi, nimekukosea. Lakini na mimi nikuulize. Ule mchanga uliutoa mwaloni?"

"Ndiyo."

"Pale tumeshikia dhahabu kwa zebaki miaka na miaka. Ulitaka mama yako ale zebaki?"

Mama, nilikaa chini. Wanaotumia zebaki nawaona kila siku. Nawanolea tindo zao, nawasikia wakionywa kwamba ni sumu, wasiishike kwa mikono mitupu. Na mimi nikaenda kuchota mchanga ule ule kwa mikono yangu kwa sababu ni laini! Tungekaa vile bila Masanja kunitia hasara, leo ningekuwa nakutumia nini? Nimemshukuru Mungu kwa jambo ambalo siku tatu nilikuwa namlalamikia. Tuliisugua ndoo, nikakata mizizi yote ya zamani kama baba alivyokuwa akifanya kwa machipukizi, nikauosha mche, nikaupanda upya. Ulikuwa bado mdogo, ukashika. Kesho yake asubuhi nikasikia, "Mwangaluka, nanasi!" Ndiyo mara ya kwanza kuliita kwa jina lake.

Baada ya hapo ikawa kungoja. Majani yakanenepa, yakatanuka, Mama Kulwa akawa anapita kwa ubavu. Tunda hakuna. Ramadhani ya pili ikapita, hakuna. Halafu Zuhura akaniandikia kwamba watu wa matofali wamerudi, wamepima shamba kwa hatua, na wewe umewajibu, "Namngoja mwanangu." Neno hilo, mama, nilikwenda nalo kazini nikapiga nyundo kwenye kidole.

Mama Kulwa akanionea huruma. "Nenda Nyasubi kanunue moja zuri utume. Mama wa watu atajuaje?"

Sokoni nilikwenda kweli, sikufichi. Nililishika nanasi mkononi, zito, limeiva vizuri. Majani yake laini, hayana miba. Nikajua wewe ungeligundua hata gizani. Na hata usingeligundua, mimi ningelijua, na Mungu angelijua. Nikalirudisha. Mama muuzaji, aliyekuwa ameyaleta kutoka upande wa Geita, akaniangalia.

"Baba, mbona unalipapasa kama mgonjwa? Nunua."

"Leo nina swali tu, dada yangu. Nina mche wa miaka miwili, majani tele, hauzai."

"Umeupanda wapi?"

"Kwenye ndoo."

Akacheka mpaka jirani yake akageuka. "Na ndoo yako iko karibu na jiko?"

"Hapana, nimeuweka mbali, moshi usiuumize."

"Basi ulete moshini! Kwetu yale ya nyuma ya jiko la mama mkwe ndiyo yanatangulia kuzaa kila mara. Sisi tunasema yanapenda harufu ya ugali."

Nilirudi nimejaa maswali. Nilimkumbuka baba. Alikuwa anarundika majani mabichi pembeni ya shamba, upande unakotoka upepo, anawasha, moshi unatambaa chini chini juu ya mananasi. Nikamuuliza, akanijibu, "Nafukuza mbu." Sasa mama, naomba unijibu: mbu gani hao wa shambani saa nne asubuhi? Baba alikuwa anajua? Alinificha, au aliniona sina subira ya kuelezwa?

Nikaihamishia ndoo kwenye kibanda changu cha kunolea. Mkaa wangu hautoi moshi mwingi, kwa hiyo nikaleta pumba za mpunga, zimejaa huku, nikazinyunyizia maji kidogo ziwake kwa kufukiza. Kila baada ya swala ya alasiri naufukizia ule mche, siku kumi. Wachimbaji wanaokuja kunoa tindo wakawa wanakohoa na kusema fundi amekuwa mganga.

Ikapita miezi miwili hivi. Asubuhi moja nikasikia Masanja anapiga kelele kibandani, nikajua kuna moto. Nakimbia, namkuta ameinama. "Fundi, limetoa damu!" Kule katikati, pale chura alipokuwa akikaa, palikuwa na wekundu, kama kaa la moto lililofunikwa jivu. Nilisujudu pale pale kwenye vumbi la chuma.

Halafu yakatoka maua, mama. Madogo, ya zambarau, yanaanza chini yanapanda juu, leo haya, kesho yale. Kumbe kila jicho la nanasi lilikuwa ua! Nimekula mananasi maisha yangu yote na sikuwa najua ninakula nini. Je, wewe ulijua? Watu walikuwa wanapita kuangalia kabla ya kuingia mashimoni. Mtu anayetafuta dhahabu amechuchumaa anaangalia ua la nanasi. Na nauliza tena, ni ule moshi, au muda wake ulikuwa umefika wenyewe? Najua utasema yote ni ya Mungu. Naamini. Lakini natamani kujua alipitia mlango upi.

Limekua polepole. Si kubwa, ni kama ngumi zangu mbili. Limeinama upande mmoja, na ubavu mmoja una kovu, joto la jiko langu lililigusa. Nimelikata limeanza tu kugeuka rangi, ili liivie njiani. Masanja aliniomba, "Hata kipande cha ganda?" Nikamkatalia. Akaomba kunusa, nikampa. Alinusa, akampa Mama Kulwa akanusa, likazunguka kibanda kizima kama mtoto mchanga. Sijalionja, mama. Kama ni tamu au ni chachu, wewe ndiye utakayeniambia.

Mche umeacha chipukizi moja ubavuni. Ndoo na chipukizi lake nimempa Masanja. Aliizunguka ile ndoo, akauliza, "Kwa hiyo wewe hutaihitaji?" Nikamwambia sitaihitaji. Akaichukua mikono miwili, hakutania. Nyundo na mvukuto navyo nimempata fundi wa kuvishika.

Nisalimie shangazi Mwajuma, mwambie ile kanzu aliyonishonea kwa ajili ya arobaini bado naenda nayo msikitini. Nisalimie kaka Hamisi, kibarua wetu wa jembe, na shemeji. Msalimie mwalimu wa madrasa aliyenichapa kwa kukimbia kabla ya dua kwisha, mwambie siku hizi nakaa mpaka mwisho. Na dada yangu, mama yake Zuhura, mwambie amelea msomaji.

Sasa Zuhura, lishushe boksi. Mpe bibi alifungue mwenyewe.

Mama, lipapase kwanza majani yake. Si miba hiyo? Nanasi lile, mle wote. Lakini kile kichwa usikipande, wala usimpe mtu akipande. Kipurure majani ya chini, kining'inize upenuni, pale ulipokaa na mihogo. Hakifi upesi, wewe na baba ndio mlionifundisha. Watu wa matofali wakija, waonyeshe kile kichwa, waambie kina mwenyewe, na yuko njiani.

Nitakipanda mimi, inshallah, mwisho wa mstari wa baba.

Wa tumbo lako,
Shabani