Baba Anasema Wamefika Kileleni

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, nafanya kazi maabara kwenye zahanati, kutwa nachungulia kwenye hadubini, na labda ndiyo maana udadisi umenikaa mwilini, na udadisi huo ndio umeniponza.

Baba yangu ni mpima ardhi mstaafu, mtaani wanamwita Mzee Vipimo kwa sababu ukimwambia "kama mita kumi hivi" atakuuliza ni tisa na ngapi. Tangu mwaka uanze, kila Jumamosi alfajiri anaenda kupanda ule mlima ambao mji mzima unaupanda, na akirudi anasema amefika kileleni. Nilifurahi, mshauri, maana tangu mama afariki alikuwa mtu wa kiti na redio tu, lakini nikaanza kuona mambo, shati la mlimani linapigwa pasi, ndevu zinanyolewa, na zaidi ya yote saa nne yuko nyumbani anakunywa chai, wakati wenzangu wa kazini, vijana wenye magoti yao, wanashuka saa sita wakichechemea. Nikasema hapa kuna jambo.

Basi Jumamosi moja nikavaa kofia na miwani ya jua nikamfuata. Langoni watu walikuwa wamejaa kama sokoni, wanajiandikisha kwenye daftari, wengine wanapiga picha za ushindi hata jasho halijawatoka, na katikati yao nikamwona Baba amesimama na mama mmoja mtu mzima, mrefu, ana fimbo nyeupe. Haoni. Akashika mkanda wa begi la Baba kwa nyuma, wakaanza kupanda.

Nikawafuata hatua ishirini nyuma, na Baba, mtu wa maneno ya kuhesabu, siku hiyo hanyamazi. "Mzizi, inua mguu. Hapa utelezi, kaa kushoto. Kuna ua jekundu limejiotea kwenye gogo, halina hata haya." Na yule mama anauliza kila kitu, "Jekundu la nyanya au la tofali?" na Baba anasimama kabisa kufikiria. Sijawahi kumwona hivyo hata mama akiwa hai, na hilo nalo, nikuambie ukweli, liliniuma kidogo.

Baada ya saa moja na nusu wakafika kwenye banda la mapumziko, mahali mlima unapotoa bega, upepo mkali, upande mmoja uko wazi. Kutoka pale hadi kileleni bado saa nzima, tena ya kushika kamba. Baba akajishika kifua, akapumua, akasema, "Haya Mwalimu, tumefika kileleni." Yule mama akavua kofia akacheka kama msichana. Kundi la watu likatupita likiendelea kupanda, akauliza, "Hao wanaenda wapi?" Baba akajibu bila hata kupepesa macho, "Wanashukia upande wa pili."

Nikajikuta nimeropoka, "Baba!" Aligeuka, uso ukamshuka. Yule mama akafurahi, "Kumbe binti wa maabara umekuja!" Akanishika mkono, akaniambia alikuwa mwalimu wa jiografia, presha ya macho ilimpofusha miaka sita iliyopita, mlima ule ameuchora ubaoni miaka thelathini bila kuupanda, na ile ni mara yake ya tisa kileleni. Shule yake ya zamani imemwalika mwezi ujao akawasimulie wanafunzi. Kisha akasema, "Hebu wewe mwenye macho mapya, juu yetu kumebaki nini?" Nikamtazama Baba. Nikajibu, "Mbingu tu, Mwalimu."

Tulipofika nyumbani Baba alisema, "Mara ya kwanza kifua kilinibana pale bandani. Akaniuliza tumefika? Nikasema ndiyo. Neno moja tu. Jumamosi iliyofuata ningelirudishaje?" Amenisihi ninyamaze. Anasema Mwalimu akijua, hatashika begi lake tena.

Mshauri, nikinyamaza Mwalimu ataaibika mbele ya shule nzima, nikisema nitamrudisha Baba kwenye kile kiti. Nifanye nini?

Wako,
Binti wa Zahanati

JIBU

Binti wa Zahanati,

Pole. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Unapima damu za watu kutwa nzima, baba yako anajishika kifua mbele ya macho yako, wewe unaniandikia kuhusu adabu! Jumatatu asubuhi mpeleke kwa daktari. Akikataa, mwambie ni amri yangu. Mengine yote yatasubiri hilo.

Pili, kumnyatia baba mzazi ukiwa na miwani ya jua si jambo la kujivunia, lakini limeshapita. Kubwa ni lile neno lako, "mbingu tu." Kabla ya hapo uongo ulikuwa wa mzee. Sasa na wewe umo.

Baba yako hamdanganyi ili mama wa watu afurahi. Anadanganya kwa sababu anaogopa kumpoteza. Namhurumia, lakini macho yake Mwalimu ameyaazima, na mtu akiazima macho yako huwezi kuyatumia unavyotaka. Aseme mwenyewe kwa kinywa chake. Asisemee mlimani, ambako Mwalimu hawezi kuondoka bila kumshika yeye. Aende kwake, ampe nafasi ya kumfukuza. Nenda naye, na lako uliombe radhi mwenyewe. Habari za shule ataamua Mwalimu, ninyi msimshauri lolote.

Kwa maoni yangu, Mwalimu anajua zamani. Swali lile la "juu yetu kumebaki nini" halikuwa la mtu asiyeshuku.

Kwa wasomaji: jibu hili nilimtumia binti kabla ya kulichapisha, kwa sababu ya kile kifua. Ameniandikia tena, na lazima nikiri kwamba nilikosea. Mwalimu hakujua kitu. Aliwasikiliza wote wawili, akawafungulia mlango watoke. Wiki mbili hakupokea simu. Shule aliipigia akaahirisha. Mzee ameanzishiwa dawa za moyo na amekatazwa milima kwa sasa.

Ijumaa ya tatu Mwalimu akampigia binti. "Kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri, langoni. Wewe, si yeye."

Wakapanda. Binti anasema alikuwa mwongozaji mbovu, mara mbili alimgongesha mama wa watu kwenye tawi. Wakalipita banda, wakashika kamba, wakatambaa kwa magoti, na saa ambayo mzee huwa anakunywa chai wao walikuwa bado wanahema. Hatimaye njia ikaisha.

"Haya, niambie," Mwalimu akasema. "Naona nini?"

Binti akatazama kila upande. "Ukungu, Mwalimu. Mweupe tupu. Sioni hata viatu vyangu."

Mwalimu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye jiwe lenye maji. "Hapa sasa nakuamini," alisema. "Mpigie baba yako. Mwambie kumbe kileleni hakuna cha kuona, na aje jioni nimsimulie."