Mama, Sinia Lako Tumelirudisha Nyumbani

Mwaka umezunguka, Mama, tangu ulipotutoka asubuhi ya Jumamosi, ukiwa umeshavaa viatu vya kwenda kwa watoto wako wa darasa la Kichina. Watu walituambia uchungu utapungua. Umepungua kidogo. Hasira ndiyo haijapungua, na leo hatutakuficha.

Uliwafundisha Kichina watoto wadogo ambao nyumbani kwao hakuna aliyejua hata salamu yake. Uliwakalisha mkekani, ukawawekea sinia la unga, wakachora herufi kwa kidole. Aliyekosea alilitikisa sinia, akaanza upya akicheka. Sauti ya neno la Kichina ikipanda mlisimama, ikishuka mlichuchumaa. Wajukuu wako walichuchumaa hadi mezani, Baba akauliza, "Hawa wanasoma au wanacheza?" Ukamjibu, "Wewe kula, mzee. Kwa mtoto hivyo ni kitu kimoja."

Hukuwakataza lugha ya kwao. Mtoto akikwama alimalizia kwa lugha ya mama yake, nawe ukamrudishia maneno yale yale kwa Kichina, taratibu, bila kumtia haya.

Halafu kuna yule binti uliyempachika jina la Kimya, aliyekaa mkekani miezi na miezi bila kutamka neno. Mkuu wa shule alipotaka kumtoa, ulisimama mlangoni mwa ofisi yake. "Mwache, anasikiliza," ulimwambia. "Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Ulipofumba macho tu, mikeka ikakunjwa. Sinia tulilikuta stoo, limewekewa matambara ya kudekia. Sasa watoto wako madawatini, na anayeponyokwa na neno la kwao anasimamishwa ukutani. Kimya aliondolewa, eti hana kichwa cha lugha. Kisha, bila soni, wakaandika jina lako juu ya mlango wa chumba kile kile, wakatundika picha yako, wakatualika wiki iliyopita tukakate utepe.

Tulikwenda. Baba, ambaye hajawahi kupaza sauti mbele za watu, alimwambia mkuu, "Kila kitu cha mke wangu mmekitupa, mmebakiza picha. Nipe na hiyo." Akaitungua mwenyewe. Sinia tulilibeba sisi.

Picha ipo sebuleni, imetundikwa chini, usawa wa macho ya watoto. Mikeka tumetandika hapo hapo, watoto tumewaalika, na kitindamimba wako ndiye anayefundisha, vile vile ulivyomfundisha wewe. Jumamosi hii Kimya alitangulia kufika. Aliitazama picha, akageuka, akauliza kwa Kichina, sentensi nzima bila kukwama: mwalimu atarudi lini kutoka safarini?

Safari! Ndivyo shule ilivyowaambia. Mwaka mzima mtoto amekungoja, kwa kuwa wakubwa waliamua wadogo hawaelewi kifo. Hilo hatuwasamehe.

Kitindamimba wako alipiga magoti akamwambia ukweli, kwa Kichina, kisha kwa lugha ya kwao. Kimya alilia sana. Alipomaliza alilivuta sinia, akaanza kuandika.

Unakumbukwa na mumeo fundi saa, wanao, dada yako mshonaji, wajukuu wanaochuchumaa, na Kimya, ambaye tangu siku hiyo hanyamazi.

Daima utakuwa nasi, Mama. Na hasira hii tutaitunza mpaka mikeka irudi darasani.