Uji wa Magendo Wodini

Mdogo wangu Zaituni,

Huku Morogoro mvua tupu, milima ya Uluguru haionekani kwa ukungu, nami nimepata kibarua cha ajabu: kuwa ndugu wa mgonjwa! Mkwe wangu Rehema, yule muuguzi, anawafunza madaktari wapya kwa maigizo. Dereva wa hospitali alijilaza kitandani akisubiri upasuaji wa uongo, marufuku kula. Kazi yangu ilikuwa kumpenyezea uji.

Unanijua. Siku hizi maduka yamejaa kila kitu, lakini ujanja wa enzi za sukari ya magendo haujanitoka. Uji niliutia kwenye chupa ya chai, nikaificha kikapuni chini ya mchicha. Daktari kijana akaniamkia shikamoo, nikamwombea na dua, basi akaona haya kunipekua kikapu. Alipogeuka tu, dereva akaumaliza uji wote. Kwenye chumba cha upasuaji, alipopewa dawa ya usingizi ya uongo, akajitapisha kwa vishindo, kisha kimya.

"Uji umempalia. Amekufa," Rehema akasema.

"Sasa ningempekuaje mama mtu mzima?" Kijana machozi yalimlengalenga.

Tukarudia igizo. Safari hii kijana aliinama kwa adabu: "Shikamoo mama. Na hiyo chupa naichukua." Akaifukua chini ya mchicha!

Sasa wewe, siku ya upasuaji wako usinikonyeze nikuletee uji. Nitakuja, nitakushika mkono mpaka mlangoni, na kikapu nitakiacha nyumbani. Ukizinduka salama, sufuria nzima ni yako.

Dada yako mtundu,
Mwanahawa