Tofali Halina Kidole Gumba

Panda, Likasi
Tarehe 14 Julai 2024

Mpendwa dada yangu mkubwa, yaya Fortunée,

Jambo sana kutoka huku nyumbani. Mnaamkaje huko Ndola? Shemeji Elie, kikohozi kimemwacha? Na Julie, meno yamekwisha kutoka au bado anawanyima usingizi? Huku mama ni muzima, anauza unga wake sokoni, na kila Jumapili anakutaja kwenye maombi mpaka pasta anatabasamu. Minye pia niko muzima. Mguu nitakueleza.

Nakuandikia kwa kalamu maana kwa simu ningelia, na weye ungelia, na yuniti zingekwisha bure. Papa Urbain anapeleka lori huko wiki hii, ndiye atakuletea.

Bon, basi. Jana nilikimbia. Miezi ishirini na miwili, yaya, tangu ule msuli wa nyuma ya paja ulipokatika huku weye unanitazama. Ilikuwa mita mia, palepale uwanjani Panda, mistari imechorwa kwa chokaa ya Kakontwe kama zamani. Watatu wa kwanza wanakwenda Lubumbashi kwenye mashindano ya jimbo. Niliitaka sana ile nafasi.

Unajua huku hatuna vyuma vya kuanzia mbio. Kila mmoja alikuja na muntu wake wa kukaa chini nyuma yake, amuwekee nyayo za kusukumia. Marlène, yule jirani tuliyekuwa tunamcheka, alikuja na mume wake. Binti mmoja wa Kikula alikuja na baba yake, muzee na suti yake, amekaa kwenye vumbi! Minye nilikuja na matofali mawili. Mama hakutaka kuja, anasema aliniona nikianguka mara moja, inatosha. Kocha Michel alitaka kukaa yeye, nikakataa. Kiburi, najua. Lakini pale nyuma yangu ni pako.

Nikainama. Mwamuzi akainua mbao zake mbili za kugonganisha ili tuondoke. Na hapo nikangojea, yaya. Unakumbuka ulivyokuwa unanibonyeza kisigino kwa kidole gumba cha mguu, ukiona mbao zinataka kugongana? Tangu nina miaka kumi na mitatu sijawahi kuondoka bila kile kidole. Mbao ziligonga, wenzangu wakaondoka, na minye bado nimeinama, nangojea tofali linibonyeze! Kocha akapiga kelele:

“Sephora! Unangojea nani?”

Nikaruka. Tulikuwa nane. Niliwakimbiza kama mwenye wazimu, nikawapita wanne. Nikamaliza wa nne. Wa nne, yaya, kwa upana wa bega.

Mguu haukuuma hata kidogo. Nilikaa chini naukandakanda, natafuta maumivu, hakuna. Wenzangu walikuwa wanakumbatiwa na watu wao. Nilirudi kuchukua matofali, maana ni ya jiko la mama.

Ulisema ungepiga simu asubuhi ya mbio, haukupiga. Sikukasirika. Uongo, nilikasirika sana, kisha nikakumbuka una mutoto mdogo, ikapita. Ila nyumba hii imekuwa kubwa kwangu. Upande wako wa kitanda mpaka leo nauacha wazi, nalala nimebanana na ukuta.

Imebaki nafasi moja. Tarehe kumi Agosti watatukimbiza tena sisi tuliokosa, na mmoja tu atachukuliwa. Sikuombi uje. Naomba hivi: vua kiatu, weka mguu wako wa kuume juu ya karatasi, uuchore kwa kalamu, umpe Papa Urbain. Tafuta karatasi kubwa, tunajuana. Nitaubandika kwenye tofali, nijue nani yuko nyuma.

Kocha anasema wakati umefika nijifunze kuondoka peke yangu. Nitajifunza, yaya. Lakini si mwezi wa nane huu unaokuja.

Nisalimie shemeji, na Julie mbusu kwenye kisigino. Mama anawasalimia nyote, na kocha Michel pia. Bwana awafunike, mlale salama na muamke salama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Sephora