Salamu za Njia ya Msikitini

Baba yangu,

Miezi minne imepita tangu tukuzike. Nimezoea kuandika gazetini habari za watu wengine. Hii yetu nimechelewa nayo.

Moyo ulikuangusha kazini bandarini. Hospitalini walikulaza wiki sita, na uliporudi Temeke uliogopa hata kutoka uani. Dresa mmoja mtu mzima, mfunga vidonda wa pale hospitalini, alinieleza la kufanya: utembee kidogo kila asubuhi, uongeze nyumba moja moja. "Akisalimiwa, ajibu salamu yote bila kukatika pumzi," alisema. "Akishindwa, mketishe."

Basi majirani wakawa kipimo chako. Siku ya kwanza tulifika nyumba ya tatu, umenishika mkono. Bi Mwanahawa, muuza vitumbua, alikusabahi, akauliza habari za nyumbani, za kifua, za mbuzi wako. Uliishia kwenye kifua. Akakusogezea kigoda.

"Mbuzi hujanijibu, mume wangu," alikutania.

"Atangoja," ulisema, ukihema.

Ulitaka jambo moja tu: kwenda kuswali Ijumaa kwa miguu yako. Mwezi wa pili wa kutembea ulimjibu Bi Mwanahawa mpaka mbuzi, umesimama. Siku hiyo uliuachia mkono wangu.

Ijumaa yako ilipofika, mimi nilikuwa na kesi ya kuandika mahakamani. Nilihofu salamu zitakuchelewesha swala. Kwa hiyo jana yake nilipita nyumba kwa nyumba, nikawaomba wasikusimamishe. Walikubali kwa heshima. Ulipopita waliinamia kazi zao. Ukashika mwendo wako wa zamani, wa bandarini. Ulianguka karibu na bomba la maji, msikiti ukiuona.

"Nilimwona anatweta," Bi Mwanahawa aliniambia matangani. "Nikanyamaza. Si ulisema, mwanangu?"

Nilisema.

Sijui uliwaza nini walipokunyamazia wote. Hilo sina wa kumuuliza.

Sikulia siku ile, wala silii sasa. Ninakula, ninakwenda kazini, ninarudi. Kila asubuhi napita njia ile ile, na Bi Mwanahawa hunisalimu mpaka kwenye mbuzi. Namjibu yote. Mbuzi amezaa wawili.

Shikamoo, Baba. Usiharakishe kujibu.

Mwanao