Kasha la Kioo

Jumatatu, 1 Mei 1995
Mahafali ya somo langu ni Ijumaa. Watoto themanini na wawili wa darasa la tano, fulana zimeshafika. Mwaka wa saba huu nawafundisha kukataa dawa za kulevya. Polisi gani mwingine hapa Ohio anaitwa kwa jina na watoto dukani? "Afande Duane!" Raha tupu.

Leo nimelisafisha kasha langu. Nililichonga mwenyewe – mbao safi, kioo juu, ndani bangi, kokeni, vidonge, kila kimoja na jina lake. Watoto hulisongamania. Huwafungulia wanuse, wakikutana nazo wazijue.

Jumatano, 3 Mei
Kuna mama wa chuo kikuu, Dakta Lindqvist. Amewahoji vijana niliowafundisha, na wa mji jirani wasiofundishwa. Eti hakuna tofauti, wanavuta sawasawa. Nikamwambia aje Ijumaa awaone watoto wanavyokula kiapo cha kukataa dawa. Akajibu kwa upole kwamba hata wale wakubwa walikula kiapo.

Jumatatu bodi ya shule inapiga kura: tuendelee au tuache. Makaratasi! Mimi ushahidi ninao nyumbani. Binti yangu Tricia, miaka kumi na saba, alikuwa katika darasa langu la kwanza kabisa. Nimemwomba azungumze mbele ya bodi. Amekubali, ila kanywea kidogo.

Ijumaa, 5 Mei
Wameapa kwa sauti moja. Nimelia, sioni haya.

Jumamosi, 6 Mei
Tricia kanisomea hotuba yake jikoni.
"Baba, bangi nilikuwa siijui. Jina nimelipata kwako, harufu kwako. Nilipopewa kwenye sherehe, wala sikuuliza ni nini."
"Ukakataa."
"Siku ile. Baadaye nilivuta, mpaka Krismasi. Nikaacha kwa sababu kila nikirudi ulikuwa macho sebuleni, unaniuliza nimekula nini."
Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nimekaa gereji saa nzima, nikilitazama kasha. Lakini alinisomea akinitazama usoni, bila kutetemeka. Hilo nani kamfundisha? Mimi!

Jumatatu, 8 Mei
Naandika garini, nje ya shule. Kasha liko kwenye buti, nimeliacha humo. Tricia yuko kando yangu, anarudia hotuba, midomo inacheza. Kaniuliza kama aitoe sehemu ya Krismasi.
"Usitoe hata neno," nimemwambia.
Kanitengenezea kola ya sare. Saa moja kasoro tano. Mlango umefunguliwa, wanatuita –