Vyote Upande wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Nusura nimgonge mtu leo. Seremala, ubao begani, katokea kushoto kama aliyechomoza ardhini. Na baiskeli hii ya marehemu baba haina breki! Gia imefungwa moja kwa moja na gurudumu, pedali hazijui kupumzika. Kusimama ni kukaza mapaja na kumwomba Mungu. Nikakaza. Nikasimama shubiri moja kutoka kwenye ubao.

"Mama, macho umeyaacha nyumbani?"

Nikacheka.

Nitamwona fundi. Breki tu. Baiskeli kuukuu haina breki, ndiyo sababu. Hakuna jingine.

Jumatano, 5 Machi

Breki ya mbele imefungwa! Fundi kaipindua baiskeli miguu juu, kasugua kutu, kapitisha waya mpya. Anasema vyuma kama hivi havitengenezwi tena, nisije nikamwachia mjinga. Nimeijaribu mbele ya kibanda chake. Inashika hasa.

Halafu nikamwambia anifungie na kengele. Na kioo. Na ile rifleta nyekundu inayoakisi taa. Vyote kushoto.

Akanitazama, spana mkononi. "Dada, baiskeli ina pande mbili."

Nikajifanya sikusikia.

Alhamisi, 6 Machi

Kioo hakifai. Kiko kushoto — na kushoto ndiko kinakopotea! Nageuza shingo nzima kukitafuta, kama kuku. Nimemweka mlinzi gizani.

Basi, nimeshaandika. Kushoto kwangu kunafifia. Jicho la kushoto limezidi. La kulia nahisi linafuata.

Jumapili, 9 Machi

Kioo nimekihamishia katikati ya usukani. Mdogo wangu kanishikia baiskeli nikikaza skrubu. Tumebaki wawili nyumba hii tangu mama afariki. Anauliza mapambo yote haya ya nini, nimepata mchumba huko kwa fundi? Nikamwambia fundi ana wajukuu saba na meno manne. Kacheka mpaka kakaa chini.

Hapo ndipo ningemwambia. Sikumwambia.

Yeye ndiye aliyemshika mama mkono kwenda chooni, miaka sita. Mama alianza hivihivi. Alikuwa akigonga bega la kushoto mlangoni na kuulaumu mlango. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mimi naitimiza Juni.

Jumanne, 11 Machi

Nukta kaja na kurasa nilizosahihisha. Ni mkuu wetu wa usahihishaji hapa kwenye kiwanda cha uchapaji. Tunamwita hivyo kwa sababu akisema kasema. Duara nyekundu saba, karibu zote mwanzo wa mistari. Karatasi ya dawa ya kikohozi ya watoto: "12" palipotakiwa "2". Vijiko! Ile 1 ya mbele sikuiona kabisa.

"Umechoka?"

Nimechoka, nikasema. Akaondoka.

Mtoto wa mtu angekunywa. Nikiacha kazi nitakula nini, na nikibaki nitamuua nani?

Kurudi nimeikokota baiskeli. Hatua kwa hatua, kando ya ukuta.

Ijumaa, 14 Machi

Naandikia hospitalini, kwenye benchi. Mwandiko mbaya.

Asubuhi niliona nimejikaza. Kioo safi, kengele, breki imeshika vizuri mteremkoni. Nikafika lango la kiwanda. Mdogo wangu alikuwa pale, kaja kwa basi kuniletea miwani niliyoisahau mezani. Kasimama kushoto. Kaanza kunijia.

Breki haikukosa. Sikuibana. Ningeibana kwa ajili ya nani? Kwangu hapakuwa na mtu.

Nilisikia kwanza sauti yake, kisha mkono wake ukivunjika. Sauti ile!

Hakulia. Tumekaa hapa saa nzima, mkono kaulaza mapajani. Kisha: "Dada, nilikupungia. Nilikuita."

"Nilikuwa na haraka."

Akanikagua uso kama anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Ziba jicho la kulia."

"Wacha utoto."

"Ziba, dada."

Nikaziba. Akanyanyua mkono uliobaki mzima, akaupeleka pembeni kabisa. "Vidole vingapi?"

Nikafungua mdomo. Muuguzi akaita jina lake. Akainuka, midomo imemkauka.

"Nikitoka unijibu. Na usibahatishe. Mama alikuwa akibahatisha."

Kumbe alijua mama alikuwa akibahatisha! Miaka yote ile.

Wanamfunga plasta. Naweza kusema viwili. Vitatu. Naweza kuondoka — ila baiskeli imebaki langoni. Nimeziba la kulia tena, mwenyewe, nijaribu. Mlango alioingilia uko kushoto kwangu.

Nausikia unafunguka.